Jina Baada ya Nestoria

Mwalimu mmoja alikuwa na watoto thelathini na saba, na aliwapenda wote. Hilo lisemwe kwanza, kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya msikilizaji alisahau.

Jina lake lilikuwa Desderi. Alifundisha darasa la nne katika shule ya msingi ya parokia moja ya milimani, shule ya matofali ya kuchoma yenye kanisa upande wa juu na shamba la mahindi upande wa chini. Alijua mtoto gani ana kifua, yupi anaogopa radi, yupi anakuja shuleni bila kutia kitu tumboni. Akimwona mtoto hana penseli, aliikata yake katikati kwa kisu akampa kipande. Hakuwa mtu wa fimbo. Wazazi walipomtaja walisema, "Huyo ni mwalimu," wakaishia hapo, kana kwamba wengine walikuwa na kazi nyingine.

Shule ile ilikuwa na desturi yake. Masista wa kwanza waliofika pale walianza na watoto kumi na mmoja tu. Jumatatu ya pili baada ya kufungua shule waliandika majina yao kwenye karatasi, wakaiweka juu ya altare, na majina yakasomwa wakati wa Misa. Kila mtoto aliposikia jina lake alisimama akasema, "Nipo." Maana yake ilikuwa kumwambia Mungu: hawa ndio uliotukabidhi, na hatukumwacha hata mmoja njiani. Miaka ikapita, watoto wakawa mamia, na kusoma majina yote kukawa kunaimaliza asubuhi. Ikaamuliwa kwamba isomwe rejista moja tu, ya darasa ambalo wiki ya kwanza halikukosa mtoto. Darasa hilo ndilo lingepeleka matoleo altareni, na mshumaa wake ungebarikiwa na kukaa darasani muhula mzima. Uamuzi ulionekana mzuri. Hakuna aliyegundua kwamba kitu kilichowekwa ili mtoto asisahaulike sasa kilikuwa mashindano.

Mara nyingi mshumaa ulikwenda darasa la tano, kwa Mwalimu Gaudensia, mama mmoja mcheshi asiyeweza kuuacha ucheshi wake nyumbani. "Desderi ndugu yangu," alimwambia siku shule ilipofunguliwa, wakiwa wamekaa na walimu wenzao, "darasa lako ni gunia lenye tundu. Unajaza huku, mahindi yanamwagika kule. Mwaka juzi surua. Mwaka jana yule aliyekwenda msibani na shangazi yake akasahau kurudi. Mwaka huu nani?"

"Mwaka huu hakuna, dada," alisema Mwalimu Desderi, naye akicheka. "Mwaka huu huo mshumaa utahama."

Wote wakacheka. Lakini yeye alitoka pale na neno gunia likimrudia njia nzima.

Ilikuwa Januari, na mvua ilikuwa imeshika. Watoto walikuja na vitu walivyoagizwa, huyu ufagio, huyu jembe, yule kidumu cha maji, wakafyeka nyasi zilizoota hadi madirishani na kuwafukuza popo waliohamia darasani wakati wa likizo. Mwalimu Desderi aliita majina kwa orodha ya mwaka uliopita, maana rejista mpya zilikuwa hazijaletwa. Alianza na wasichana, kama ilivyoandikwa. Akafika kwa Nestoria, Nestoria akaitika. Akamwita Notburga. Kimya. Akamwita Odilia, Odilia akaitika. Alipomaliza na wavulana, waliopo wote walikuwa thelathini na sita.

Nestoria, aliyekaa jirani na kina Notburga ng'ambo ya mto, alimfuata wakati wa mapumziko.

"Mwalimu, Notburga yupo nyumbani. Mama yake kajifungua mapacha. Baba yao yuko mbali, kwenye vibarua. Kasema anamsubiri bibi yake aje kumsaidia mama, bibi akifika tu naye anakuja."

"Mapacha! Mungu ni mwema. Wazima?"

"Wazima, ila wanalia kwa zamu. Mwalimu, kasema nikwambie usimfute."

"Kasema nini?"

"Kasema, mwambie Mwalimu asinifute."

Mwalimu Desderi alimwekea mkono begani. "Nani amfute? Mwambie alee wadogo zake kwa amani. Nafasi yake ipo." Na alipotamka maneno hayo hakuwa na uongo wowote moyoni.

Darasani wasichana wale wawili, Nestoria na Odilia, walikaa benchi moja wakaacha nafasi katikati yao. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Ukilitazama darasa kutoka mbele uliiona ile nafasi mara moja, mithili ya jino lililong'oka.

Wiki ile Mwalimu Desderi aliwafundisha watoto namna ya kuitikia kanisani, maana siku hizo za mazoezi kila darasa lilijiandaa kana kwamba litachaguliwa. Aliwafundisha kwa subira. Asimame mmoja, aitike, akae, ndipo mwingine asimame. Usisimame kabla mwenzako hajaitika. Usijali mwingine wa mbali, wewe mjue aliye kabla yako tu. Watoto walilishika jambo hilo kuliko hesabu. Lilipofika jina la Notburga, Nestoria alimjibia, "Anakuja," na Odilia ndipo aliposimama.

Ijumaa ikajulikana kwamba darasa la tano lina watoto wawili wenye tetekuwanga. La sita lilikuwa na mmoja aliyehamishwa bila taarifa, la tatu lilikuwa na watatu walioshikwa nyumbani kwa palizi, na madarasa mengine yalikuwa na pengo huku na huku. "Basi ni wewe tu, ndugu yangu," alisema Mwalimu Gaudensia, na safari hii hakutania. "Huyo wako wa ng'ambo angekuja Jumatatu ile, mngekuwa mmeshinda."

Siku hiyohiyo zikaletwa rejista mpya.

Jumamosi mchana Mwalimu Desderi alikaa peke yake darasani akaanza kunakili. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Alikuwa na mwandiko mzuri, na alipenda kitabu kipya, karatasi ambayo bado haijaguswa na mkono wa mtu. Aliandika jina la kwanza, la pili, la tatu, kila moja kwenye mstari wake. La kumi na mbili lilikuwa Nestoria. Akainua kalamu.

Hakukaa muda mrefu. Baadaye alipojaribu kukumbuka saa aliyoamua, hakuiona. Alikumbuka tu alichokuwa akifikiri, na kilikuwa cha akili kabisa. Rejista ni ya walioripoti, na huyu hajaripoti. Akija ataandikwa mwisho, kama anavyoandikwa mtoto yeyote anayechelewa. Hatapoteza kitu. Benchi ni lilelile, mwalimu ni yuleyule. Na hawa thelathini na sita waliofyeka, waliofagia, waliokuja na mvua mgongoni, wana kosa gani wanyimwe kwa ajili ya mmoja? Mawazo hayo yote yalikuja yakiwa yamevaa vizuri, hata moja halikubisha hodi kwa aibu. Akaandika Odilia, la kumi na tatu. Wino haukukwama. Alipofika mwisho aliutazama ukurasa, nao ulikuwa safi, hauna mkato wala doa, na kila jina lilikuwa na mtoto wake. Akaipeleka rejista kwa Sista Ulrika, mwalimu mkuu.

Bibi yake Notburga alifika Jumapili jioni, miguu imevimba, amebeba mkeka na kifurushi cha unga wa ulezi. Alikuwa ametembea siku mbili. Kesho yake kabla jua halijatoka alimsukuma mjukuu wake mlangoni. "Nenda. Mimi nipo. Nenda kabla hawa hawajaamka kukudai." Gogo la kuvukia lilikuwa limechukuliwa na maji, hivyo Notburga alivuka kwa miguu, daftari kichwani, sketi ikilowa hadi kiunoni. Alifika kanisani kengele ya mwisho ikilia. Aliingia kwa mlango wa pembeni, akapiga goti, akaenda moja kwa moja kwenye benchi la darasa la nne. Nestoria na Odilia walisogea bila kugeuka. Nafasi yake ilikuwepo.

"Unanuka maziwa," alinong'ona Odilia.

"Ya nani sasa, na mimi sina ng'ombe?"

"Ya mapacha."

Wakaziba midomo kwa viganja, mabega yakitikisika.

Mwalimu Desderi alimwona. Alikuwa amekaa na walimu wenzake upande wa kushoto, na jambo la kwanza lililompata lilikuwa furaha, kwa sababu alimpenda mtoto yule na alikuwa na hofu juu ya mto. Kisha furaha ikapoa. Kutoka alipokaa hadi alipokaa Sista Ulrika zilikuwa hatua sita. Rejista ilikuwa mapajani mwa Sista, na kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati lake yeye.

Akasema moyoni, wimbo wa mwanzo ukiisha nitakwenda. Wimbo ukaisha. Akasema, tukimaliza wimbo wa Utukufu nitakwenda, watu wakiwa wanakaa hakuna atakayeona. Watu wakakaa. Likaanza somo, na wakati wa somo hakuna anayetembea. Ikaja Injili, wote wakasimama, na angeweza kupita nyuma ya waliosimama. Hakupita. Padre alihubiri, mahubiri mafupi ya watoto, na kati ya wote waliokuwemo Mwalimu Desderi peke yake hakusikia neno hata moja. Aliendelea kupima hatua sita. Hazikuongezeka wala kupungua.

Sista Ulrika akasimama na rejista.

"Mwaka huu," alisema, "darasa lililotimia ni la nne." Watoto wa darasa la nne wakavuta pumzi wote kwa pamoja. Notburga naye alivuta. Naye alikuwa wa darasa la nne.

Majina yakaanza kusomwa. Mtoto akasimama, akasema, "Nipo," akakaa. Mwingine akasimama. Ilipendeza. Wazazi waliojibanza milangoni walinyoosha shingo. Sista akasoma Nestoria, Nestoria akasimama, akaitika, akakaa. Notburga akasimama kabla ya kuitwa, kwa kuwa alijua kwamba sasa ni yeye. Alikuwa ameshafungua mdomo.

"Odilia," alisoma Sista.

Odilia hakuinuka.

"Odilia," Sista akarudia, akitazama juu ya miwani.

"Zamu yangu bado, Sista," alisema Odilia kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtoto anayemsahihisha mtu mzima aliyekosea njia. "Bado Notburga."

Madarasa mengine yakacheka. Sista alishusha kidole kwenye ukurasa, akakipandisha, akakishusha tena. "Notburga hayumo," alisema. Kisha akageuka upande wa walimu. "Mwalimu Desderi. Huyu ni wa kwako?"

Kanisa zima likamgeukia. Notburga pia aligeuka, na usoni mwake hapakuwa na wasiwasi. Alikuwa akingoja tu Mwalimu amweleze Sista.

Mwalimu Desderi alisimama. "Wiki iliyopita hakuripoti, Sista," alisema.

Kila neno katika sentensi hiyo lilikuwa la kweli.

"Basi ataandikwa," alisema Sista kwa upole. "Kaa, mwanangu. Odilia."

Odilia akasimama, akasema, "Nipo," kwa sauti ambayo haikufika benchi la pili, akakaa. Notburga hakukaa. Alikuwa amefundishwa, tangu darasa la kwanza, kwamba mtoto hukaa akishaitikia, na yeye hakuwa ameitikia chochote. Majina yaliyobaki yalisomwa yote akiwa amesimama peke yake, sketi ikidondosha maji ya mto sakafuni, na watoto wakisimama na kukaa kandokando yake. Rejista ikawekwa juu ya altare. Watoto thelathini na sita wakatoka kwenye mabenchi kupeleka matoleo, mahindi mabichi, mayai, ndizi, maua ya porini. Waliporudi hawakumkuta.

Baada ya Misa Mwalimu Gaudensia alimpa Mwalimu Desderi mkono. "Hongera, ndugu yangu. Gunia limeshonwa."

"Asante, dada," alisema.

Mshumaa ukawekwa juu ya kabati la darasa la nne. Jumanne Notburga hakuja. Mwalimu Desderi alifungua rejista, iliyokuwa imerudishwa kutoka altareni, akamwandika mwisho, chini ya wavulana, namba thelathini na saba, kwa herufi ndogo kidogo kuliko nyingine, na mbele ya jina akaweka sifuri. Jumatano akaweka sifuri. Alhamisi akamuuliza Nestoria, "Mwenzako vipi?" Nestoria akatazama chini, akasema, "Sijui, Mwalimu." Siku nzima hakuna mtoto aliyemuuliza swali. Waliandika walichoambiwa waandike. Benchini, Odilia alikuwa amesogea karibu na Nestoria, na pengo halikuwepo tena.

Jumamosi alivuka mto.

Alimkuta bibi uani akipepeta, na mama ndani akinyonyesha mmoja huku mwingine analia. "Hodi hapa. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Umekuja kuhesabu?"

Akakaa kwenye kigoda alichoonyeshwa.

"Mimi nilitembea siku mbili na miguu hii," alisema bibi, akiendelea kupepeta, "ili mtoto huyu arudi shule. Nilifika Jumapili. Jumatatu jua halijafika utosini akawa amesharudi, amelowa. Nikamwambia, mbona mapema, leo hamkusoma? Akaniambia, 'Bibi, wametimia.' Nikamwambia, wametimia nini? Akasema, 'Darasa limetimia, Bibi. Wamesomwa wote.' Akachukua jembe." Akatua ungo chini. "Mama yake mgonjwa bado, Mwalimu. Palizi hii hapa. Mtoto akisema hahitajiki huko, huku anahitajika. Na kila siku anayokaa, kazi inamzoea. Wiki moja zaidi, hata mimi sitaweza kumtoa."

Notburga alikuwa shambani, ana mtoto mgongoni, analima kwa mistari iliyonyooka. Alipomwona Mwalimu aliweka jembe chini, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Notburga, jina lako nimeliandika. Njoo Jumatatu."

"La ngapi, Mwalimu?"

"La thelathini na saba."

Aliinamisha kichwa, akamtikisatikisa mtoto mgongoni ingawa alikuwa hajalia. "Mimi ni wa kumi na tatu, Mwalimu," alisema. Hakusema kwa ukali. "Baada ya Nestoria."

Akachukua jembe lake.

Mwalimu Desderi alirudi kwa miguu akilielewa vizuri alilokuwa ameambiwa. Rejista haifutwi, hilo kila mwalimu analijua. Ukilitoa jina la kumi na tatu ili uweke jingine, unapaswa kuandika kitabu kizima upya, na kitabu hakiandikwi upya bila ya mwalimu mkuu kujua kwa nini. Kumrudisha mtoto mahali pake kulihitaji rejista iliyokuwa imewekwa juu ya altare itupwe. Namba thelathini na saba isingemgharimu chochote. Ya kumi na tatu ingemgharimu jina lake yeye, jina ambalo wazazi walikuwa wakilitaja wakaishia hapo.

Alikwenda kwa Sista Ulrika jioni ileile. Alimweleza tangu ahadi aliyompa Nestoria mpaka hatua sita za kanisani, wala hakujitetea tena kwamba mtoto hakuripoti. Sista alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kitabu kile tulikiweka mbele ya Mungu," alisema mwishowe. "Ukiandika kingine, kile kitakuwa cha uongo."

"Kilikuwa cha uongo tulipokiweka, Sista."

Sista alifungua kabati, akatoa rejista iliyosalia, akampa. "Mshumaa utarudi kanisani, sakristia."

"Najua."

"Utawaambia watoto wewe mwenyewe. Na majina yatasomwa tena, mbele ya shule nzima. Utasoma wewe."

Aliandika kitabu kipya. Akamtuma Nestoria ng'ambo na maneno machache: Jumatatu majina yanasomwa, na jina la Notburga limo mahali pake. Nestoria alirudi na jibu la bibi, kwamba atamwambia, na kwamba zaidi ya hapo haahidi.

Jumatatu kabla ya kengele aliwaambia watoto wake. Hakutafuta maneno ya kitoto. Aliwaambia kwamba alimwacha mwenzao nje ili wao waonekane wamekamilika, kwamba kosa si lao, na kwamba mshumaa unaondoka. Wengine walilia kwa ajili ya mshumaa, kwa sababu ni watoto. Odilia alinyoosha mkono.

"Kwa hiyo mimi nakuwa wa kumi na nne tena?"

"Wa kumi na nne."

"Afadhali," alisema, akasogea, akaacha nafasi benchini.

Shule nzima ilipanga mstari uwanjani, walimu mbele, Sista Ulrika pembeni. Mwalimu Gaudensia alikuwa anatazama viatu vyake. Mwalimu Desderi alisema mbele ya wote alichokuwa amewaambia wake, kisha akafungua rejista akaanza kusoma. Mtoto akapiga hatua mbele, akasema, "Nipo," akarudi. Mwingine akapiga hatua. Akafika kwa Nestoria, Nestoria akaitika.

"Notburga," alisoma.

Kutoka pale uwanjani njia inayotoka mtoni inaonekana yote, mpaka chini kwenye migomba. Watoto thelathini na sita waligeuza nyuso kuitazama. Ilikuwa tupu. Mwalimu Desderi hakuinua kalamu kuweka alama, wala hakuangalia mstari wa chini yake. Alisimama na kitabu kimefunguliwa. Jua likaanza kuwachoma watoto wadogo wa mbele. Mtu mmoja kati ya walimu akakohoa. Kipindi cha kwanza kilikuwa kimeshaanza kupita, na shule nzima ilikuwa imesimama kwa ajili ya jina moja.

Ninyi mliopewa watu na majina yao, kama kitabu kile kingekuwa mikononi mwenu, mngengoja kwa muda gani kabla ya kumwita Odilia?